Matundu ya Sindano kwenye Jezi ya Tate

Marit Tveit alikuwa amefika herufi ya pili ya jina la mpenzi wake alipogundua kwamba analia. Hakuacha kufumua. Alipitisha kisu kidogo cha kufumulia chini ya uzi, uzi ukakatika, na ile A nyeupe ikalegea mgongoni mwa jezi ya buluu.

"Usiichane," alisema baba yake kutoka mlangoni. "Hamsini na nne ya buluu ni hiyo hiyo moja."

"Miaka sita nashona jezi za klabu hii, Baba. Nimewahi kuchana ngapi?"

Mzee Orrin Tveit alivua kofia yake, akaivaa tena. Wachezaji walimwita Mturuki, jina la utani ambalo kila kambi humpa mtu wa kugonga milango, na hakuna anayejua lilianzia wapi. Sisi tungemwita Ziraili, tukamaliza. Kila Agosti, alfajiri, alitembea kwenye korido za mabweni ya chuo cha Ashby Falls, ambako klabu ya mpira wa Kimarekani ya Drovers hupiga kambi, akigonga mlango mmoja hapa, mwingine pale, na kusema maneno yale yale kwa sauti ya upole: "Kocha anakuita. Njoo na kitabu chako cha mbinu." Mchezaji akisikia kitabu, anajua ameachwa. Kuna majitu ya kilo mia moja na ishirini yaliyowahi kujificha chooni yakisikia viatu vya mzee huyo.

"Tate mwenyewe anajua?" Marit aliuliza.

"Hajui. Na hatajua mpaka Jumapili."

"Jumapili! Leo ni Alhamisi. Keshokutwa ana mechi."

"Atacheza."

"Atacheza kwa ajili ya nani, kama mmeshamwacha?"

Mzee Tveit akafunga mlango, akavuta kigoda, akaketi upande wa pili wa cherehani. Habari yenyewe ilikuwa fupi. Desmond Hollingsworth, kijana ambaye klabu ya Drovers ilimchagua wa kwanza kabisa katika mgawo wa wachezaji wapya mwezi wa Aprili, alikuwa amegoma kusaini. Kambi ilifunguliwa, yeye yuko kwa mama yake anaangalia televisheni. Wiki tatu. Asubuhi hiyo alikuwa amesaini, na kati ya masharti yake alitaka namba aliyovaa chuoni. Hamsini na nne.

Na hamsini na nne ilikuwa mgongoni mwa Virgil Tate.

Huyo Tate hakuchaguliwa na klabu yoyote. Alikuja kutoka Alabama na begi moja, jina lake limeandikwa kwa kalamu kwenye utepe uliobandikwa juu ya helmeti, akawekwa wa tano kwenye orodha ya walinzi wa kati. Mlinzi wa kati ndiye anayesimama nyuma ya yale majitu ya mbele, anamsoma adui na kuwapigia wenzake kelele waende wapi. Wa tano hapigi kelele, anashika mfuko wa mazoezi. Lakini wa kwanza aligoma. Wa pili, mkongwe Dorsey, akaumia goti. Wa tatu akateguka bega, wa nne akaamka siku moja akarudi kwao bila kuaga. Virgil Tate akajikuta yuko juu ya orodha, na katika mechi ya kwanza ya kujipima nguvu aliwaangusha watu mpaka mtangazaji akaishiwa maneno. Magazeti yakauliza: Hollingsworth wa nini tena?

"Hayo magazeti ndiyo yaliyommaliza," alisema Mzee Tveit. "Yule mtoto alisoma, akaogopa, akasaini. Tate angecheza vibaya, Hollingsworth angekuwa bado amekaa kwao."

"Kwa hiyo kosa lake ni kucheza vizuri."

"Na Dorsey goti limepona. Nafasi zimejaa, mwanangu. Sikutunga mimi hesabu hiyo."

"Nitamwambia."

"Hutamwambia." Mzee aliegemeza viwiko mezani. "Nisikilize. Jumamosi klabu zote zitaipata ile filamu ya mechi. Akicheza kama alivyocheza juzi, yupo atakayempigia simu. Akijua ameachwa, je? Nimewaona, Marit. Miaka kumi na tisa. Mtu akijua kwaheri yake imeshaandikwa, miguu inakuwa mizito, anakimbia na maji ndani ya viatu. Filamu hiyo ndiyo riziki yake iliyobaki. Ukimpenda, utanyamaza."

Ndiyo mara ya kwanza baba yake kulitaja neno hilo juu yake na Tate. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini wote wawili walikuwa wamejifanya viziwi tangu kambi ianze.

"Nilikwambia usimpende mtoto wa kambi," mzee alisema polepole. "Wanakuja Julai, wanaondoka Agosti. Sikusema kwa ubaya. Nilisema kwa sababu mimi ndiye ninayewaondoa."

Marit alifumua T ya mwisho, akafumua E. Halafu akachukua herufi kumi na tatu za jina jipya, akazipanga kutoka bega hadi bega, na kukanyaga cherehani.

*

Ijumaa jioni, mji mzima hula samaki. Hata wachezaji huruhusiwa kutoka, na Virgil alimkuta Marit kwenye ukumbi wa maveterani, meza ya dirishani, na sahani mbili za samaki wa kukaanga, kabichi na mkate mweusi.

"Fundi!" Alikaa, kiti kikalia. "Mbona umenuna? Samaki kakukosea nini?"

"Nimechoka tu."

"Umechoka na nini? Umeshona jina langu, herufi nne. Mama yangu alinizaa na jina la kukupumzisha."

Marit alicheka, na moyo ukamuuma kwa kule kucheka. Saa moja tu kabla ya hapo, jezi ilikuwa imerudishwa kutoka makao ya klabu jijini, ambako Hollingsworth alipigwa nayo picha ambazo zingetolewa Jumapili. Alikuwa amekaa nayo mapajani, akafumua lile jina la mtu mwingine, akamrudishia Tate wake pale katikati. Hakuipiga pasi, hakuigeuza kuitazama. Alikuwa na haraka ya kuja kula samaki na mtu anayempenda.

"Kesho mama anakusanya watu," Virgil alisema, akimwaga limau. "Nyumba nzima, na majirani. Juzi alinipigia simu pale koridoni, akasema, Virgil, uwe unageuka geuka, nataka kulisoma jina mgongoni. Nikamwambia, Mama, nikimpa adui mgongo nitafukuzwa."

"Akasemaje?"

"Akasema, basi angusha mtu halafu ulale kifudifudi."

Alicheka peke yake, kisha akaacha. Alikuwa na macho ya kusoma watu, ndiyo kazi yake. Alimtazama Marit kwa muda, akaweka uma chini.

"Fundi. Kuna kitu?"

Hapo ndipo palikuwa pahali pa kumwambia. Marit alijua wakati ule ule, na aliendelea kujua baadaye kila aliposikia harufu ya limau. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, alichohitaji ni kupita. Lakini akilini aliona viatu vya Virgil vimejaa maji. Aliona filamu ambayo hakuna anayeitazama.

"Hakuna," alisema.

"Kweli?"

"Kweli, Tate. Kula."

Virgil aliguna. Akasogeza sahani pembeni, akafuta mikono mara mbili.

"Basi sikiliza, maana nikingoja nitaogopa. Jumapili asubuhi mzee wako anapita kugonga milango. Akipita kwangu bila kugonga, nakwenda kwake siku hiyo hiyo na shati safi, nimwombe binti yake. Akigonga..." Alisita. "Akigonga sijui nitakuwa na nini cha kumwonyesha. Lakini wewe nataka nikuulize leo, kabla ya mlango. Ungenikubali? Mimi, si jezi."

Marit alivunja mkate vipande viwili. Angesema ndiyo, angekuwa anamkubali huku anamdanganya, na hiyo aliona ni dhambi juu ya dhambi. Angesema hapana, angekufa.

"Kula samaki wako," alimwambia. "Anapoa."

Virgil alimtazama kidogo zaidi, kisha akatabasamu kama mtu aliyeambiwa asubiri, akala samaki wote, na wa Marit pia.

*

Jumamosi saa sita na nusu mchana, Marit alikuwa nyuma ya benchi na kikopo chake cha sindano. Timu ilitoka kupasha misuli. Virgil alitoka wa mwisho, helmeti mkononi. Alisimama mbele yake, mbali kidogo, akapeleka mkono nyuma ya bega lake na kupapasa mgongo wa jezi. Akamtazama. Hakutabasamu. Alimtazama vile mtu anavyomtazama karani anayetafuta faili lake.

Marit alidhani ni hofu ya mechi. Akampungia mkono.

Virgil akavaa helmeti.

Siku ile alicheza mpira ambao watu wa Ashby Falls walikuja kuusimulia miaka. Aliwaona adui kabla hawajajijua. Aliangusha kumi na watano, akanyakua mpira mmoja hewani, na mara tatu, kweli, alilala kifudifudi sekunde moja zaidi ya lazima ili kamera imkute mgongo. Marit alipiga makofi mpaka viganja vikawaka, akijiambia: umeona? Ndiyo maana ulinyamaza. Umefanya vizuri.

*

Jumapili kulikuwa kumeshapambazuka, saa kumi na mbili kasoro, Marit aliposikia hodi kwenye chumba cha kushonea. Alifungua akitegemea baba yake. Alikuwa Virgil, amevaa nguo za safari, begi begani. Mkono mmoja umeshika kitabu cha mbinu, mwingine jezi ya buluu.

"Tate. Mbona mapema hivi?"

"Nimekuletea kazi." Aliiweka jezi juu ya meza, mgongo juu. "Fumua."

"Sielewi."

"Unaelewa. Fumua jina langu. Nataka kuona linavyotoka."

Marit aliitazama jezi, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akaiona. TATE ilikaa katikati, herufi nne nyeupe. Lakini kushoto kwake na kulia kwake, mpaka kwenye mishono ya mabega, kitambaa kilikuwa kimetobolewa mistari mizuri ya matundu madogo. Kushoto H, ukifuata matundu kwa kidole. Halafu O. Kulia, W. R. T. Mkono wa fundi mzuri hutoboa sawasawa, na Marit alikuwa fundi mzuri.

"Niliipata kwenye kabati langu jana saa tano," alisema Virgil. "Nikadhani imeliwa na nondo. Nikaipeleka dirishani kwenye mwanga. Nikahesabu. Kumi na tatu. Mtu mwenye herufi kumi na tatu namjua mmoja."

Marit alishika ukingo wa meza. "Kwa hiyo jana..."

"Jana nilijua."

"Kabla ya mechi?"

"Nilikuja nikasimama mbele yako, Marit." Hakuwahi kumwita jina lake tangu wajuane. "Nilijishika mgongo hivi. Nikasema, sasa ataniambia. Hata kwa macho. Ukanipungia mkono."

"Nisikilize, tafadhali..."

"Fumua kwanza."

Marit alichukua kisu. Hakuona vizuri kwa machozi, ikabidi ashike uzi wa kwanza kwa kucha. Herufi ya kwanza ikatoka.

"Ulijua lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi." Virgil aliipokea T, akaiweka kwenye kiganja. "Kwa hiyo Ijumaa, samaki mezani, ulikuwa unajua. Nikakuuliza kuna kitu."

"Baba alisema ukijua, miguu itakuwa mizito. Alisema klabu nyingine zitatazama filamu, na hiyo ndiyo nafasi yako pekee. Nilitaka uipate, Tate! Nilinyamaza kwa sababu nakupenda. Unadhani ilikuwa rahisi? Nililia juu ya jezi hii mpaka ikalowa."

"Naamini."

"Basi?"

"Basi miguu ilikuwa mizito jana?"

Marit aliendelea kufumua. A ilitoka, Virgil akaipokea.

"Nijibu. Ulikuwepo. Ilikuwa mizito?"

"Hapana."

"Nilicheza najua. Kila mtu niliyemwangusha, nilimwangusha najua. Ungeniambia Ijumaa ningecheza vile vile, na ningelala usingizi, maana ningekuwa na mtu. Mimi kuachwa nimezoea. Vyuo viliniacha, klabu ishirini na kitu hazikunitaja hata kwa kukosea. Mzee wako akigonga, naokota begi, nakwenda. Lakini nilidhani kuna mlango mmoja hapa Ashby Falls ambao mimi ndiye ninayegonga, nafunguliwa, naambiwa ukweli."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Nimekusamehe usiku kucha." Alizipindua zile herufi mbili kiganjani. "Ila siwezi kukuamini, na sijui hiyo inashonwaje."

Marit aliweka kisu chini, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Twende wote. Sasa hivi. Sina cha kuchukua hata."

"Utakuwa unaniangalia, na mimi nitakuwa najiuliza umeficha nini. Mke ndiye mtu wa kuniambia habari mbaya, Marit. Habari nzuri hata mtangazaji ataniambia." Alitoa mkono wake taratibu, bila ukali, na huko kukosa ukali ndiko kulikomuumiza zaidi. "Zimebaki mbili."

Marit alifumua T ya pili. Alifumua E. Virgil alizipanga zote nne, akazikunja ndani ya kitambaa cha mfukoni.

"Za mama," alisema. "Alisema zilionekana vizuri."

Viatu vilisikika koridoni. Wote wawili walivijua. Mzee Tveit alitokea mlangoni akihema, kofia mkononi.

"Nimegonga kwako," alimwambia Virgil. "Kitanda kimetandikwa."

"Umechelewa, mzee. Nilishagongewa tangu jana, na binti yako." Akamkabidhi kitabu cha mbinu. "Kurasa zote zimo."

Mzee Tveit alikitazama kile kitabu kana kwamba hajawahi kupewa. Akamtazama binti yake, akaiona jezi tupu mezani, na matundu yake, akaelewa.

"Kijana," alisema, "ni mimi niliyemkataza. Ukitaka kumchukia mtu, nichukie mimi."

"Simchukii mtu, mzee."

"Na kuna simu. Imeingia jana usiku, klabu ya pwani ya magharibi. Wameiona filamu. Wanakutaka kesho asubuhi." Alitoa kikaratasi mfukoni. "Mlinzi wao wa kati amevunjika kidole cha mguu."

Kwa sekunde moja uso wa Virgil ulifunguka, na macho yake yakamkimbilia Marit kabla hajayakataza, maana mtu akipata heri humtazama kwanza yule wa kumwambia. Marit aliyaona. Halafu yakarudi.

"Asante, mzee," Virgil alisema. Akachukua kikaratasi, akapandisha begi. Mlangoni aligeuka. "Ulikuwa sahihi, Fundi. Filamu imefanya kazi."

Akaondoka. Walisikia mlango wa nje, kisha kokoto, kisha teksi pekee ya mji ikikohoa kabla ya kuwaka.

"Mwanangu," alisema Mzee Tveit. "Mkimbilie. Bado yupo getini."

"Amesema nisiende."

"Watu husema."

"Yeye hasemi hovyo, Baba. Ndiyo tofauti yake na sisi."

Mzee alisimama hapo, amekumbatia kitabu cha mtu mwingine. Hatimaye akasema kwa sauti ndogo kwamba Hollingsworth anafika saa nne, wapiga picha watakuwepo, lakini kama Marit hajisikii atamtafuta mtu mwingine wa kushona.

"Mtu gani? Fundi ni mimi."

Baba yake alipoondoka, alivuta sanduku la herufi, akazipanga kumi na tatu kutoka bega hadi bega. Hakuhitaji rula. Matundu yalikuwa yamebaki pale pale alipoyatoboa Alhamisi, sindano ikaingia bila kusukumwa. H. O. L ya kwanza, L ya pili. Alipofika I akakumbuka kwamba Ijumaa aliulizwa swali, na kwamba leo, kati ya yote waliyoambiana, hakuna aliyelirudia.

"Ndiyo," alisema, mguu ukiwa kwenye kanyagio. "Ndiyo, Tate. Wewe, si jezi."

Cherehani ikanguruma, na hata yeye mwenyewe hakuisikia vizuri sauti yake.